Zege linaonya, lakini ni nani anayesikia?

Katika nchi nyingi wajenzi sasa wanazika chombo kidogo ndani ya zege, lile tunaloliita beto. Zege linapokomaa hutoa joto. Chombo hupima joto hilo na kutuma vipimo kwenye simu ya injinia, naye hukadiria nguvu iliyofikiwa na kujua kama mbao za chini zinaweza kuondolewa.

Jambo hili linatuhusu. Butembo kuna baridi, Uvira kuna joto. Zege lililomwagwa siku moja katika miji hiyo haliwezi kukomaa kwa mwendo mmoja. Sisi tunahesabu siku tu, tena chache, kwa sababu mbao ni za kukodi na tarehe ya kuweka wakfu imekwisha kutangazwa. Wachungaji tukiri: tumewaharakisha mafundi mara nyingi.

Lakini je, chombo peke yake kinaokoa? Huko Genoa, Italia, daraja la Morandi lilianguka tarehe 14 Agosti 2018, watu 43 wakafa. Mwaka uliotangulia, wataalamu wa Politecnico di Milano walikuwa wameshauri lifungiwe vyombo vya kulipima saa zote. Daraja jipya, lililofunguliwa Agosti 2020, lina vyombo hivyo. Vilikuja baada ya mazishi.

Na kwetu Goma? Vyombo vya kupima mitetemeko vilikuwepo kuzunguka Nyiragongo. Hata hivyo, kwa miezi mingi kabla ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, kituo cha uchunguzi kilikosa fedha za kulipia intaneti, na vipimo havikufika. Ni kweli, wataalamu walieleza baadaye kwamba dalili zilikuwa chache sana safari ile. Lakini mji mzima ulikuwa umekaa na mlinzi asiye na sauti.

Kwa hiyo tunaona mambo mawili. Anayenunua chombo anunue pia umeme, intaneti na mtu wa kusoma vipimo kila siku. Bila hayo amenunua pambo. Pili, onyo linahitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema "simamisheni kazi", hata kama wageni wamealikwa. Mlinzi wa Ezekieli 33 alipewa tarumbeta, lakini kuitii sauti yake kulibaki juu ya watu.

Makanisa yetu mengi hayatapata vyombo hivi karibuni. Hata hivyo, kamati ya ujenzi inaweza kuandika tarehe ya kumwaga zege, kulinyweshea maji kila siku katika juma la kwanza, na kutogusa mbao mpaka injinia aseme. Kwa desturi nguvu ya zege hupimwa siku ya 28. Tarehe ya sherehe na ipangwe baada ya hapo, maana watakaokaa chini ya zege hilo ni watoto wetu wa shule ya Jumapili.