"ALIMFANYA NINI?" SWALI DOGO LINALOMZIBA MTU MDOMO

Leo naanza na ubuyu, ila sitaishia kwenye ubuyu.

Juzi kati basi letu la Arusha lilisimama Segera, pale njia panda ya Tanga, watu wakashuka kuchimba dawa. Siti ya nyuma yangu vijana wawili wameinamia simu moja, wanaangalia klipu ya staa mmoja (jina kapuni) na mpenzi wake aliyetokea na jicho limevimba. Swali la kwanza kutoka: "Sasa huyu demu alimfanya nini jamaa?" Mwenzake akadakia: "Lazima kuna kitu bana, mwanaume hapigi bure."

Dakika mbili tu, nusu ya basi ina jibu. Kachepuka. Mdomo mrefu. Kashika simu ya mtu. Kafuata hela. Hakuna aliyeuliza jamaa ana shida gani.

Mama mmoja aliyekuwa anauza machungwa dirishani akawasikia. Akawarudishia chenji, akasema: "Wanangu, anayetaka kupiga hakosi sababu. Leo chumvi, kesho simu." Konda akagonga bodi, tukaondoka.

Yule mama kasema kwa sentensi mbili kitu ambacho watafiti wamekizunguka miaka mingi.

Angalia utafiti mkubwa wa kitaifa wa afya, TDHS, wa 2015-16. Wanawake na wanaume waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, asipojali watoto, au akimnyima unyumba. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja. Wanaume? Asilimia 40. Yaani wanaopigwa ndio waliokubali zaidi! Kabla hujasema "si mnaona, wenyewe wanapenda", jiulize binti amesikia mara ngapi kwenye kicheni pati kwamba mke mwema anavumilia. Mtu akifundishwa tangu mdogo kwamba kipigo kina sababu, siku akipigwa anaanza kujikagua yeye.

Sasa tazama watafiti wanavyouliza kuhusu kipigo chenyewe. Hawamuulizi mwanamke "ulimkosea nini?" Wanauliza tendo kwa tendo: amewahi kukupiga kofi? Kukusukuma? Kukupiga teke? Kukukaba? Anahojiwa mwanamke mmoja tu kwa kila nyumba, faragha, na kama faragha haipatikani maswali hayo hayaulizwi kabisa. Kwa nini? Kwa sababu jibu la mbele ya watu na jibu la chumbani ni vitu viwili tofauti, na jibu la chumbani likisikika linaweza kumletea kipigo kingine.

Kwa njia hiyo, utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2005, uliofanyika pia hapa kwetu, ulikuta asilimia 41 ya wanawake wa Dar es Salaam waliowahi kuwa na mwenza wameshapigwa au kulazimishwa ngono naye. Mbeya, asilimia 56. Na kwenye nchi zilizoshiriki, wanawake wengi walisema yule mtafiti ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Si mama, si shoga yake, si mchungaji wala shehe. Mgeni mwenye karatasi! Pengine ni kwa sababu huyo mgeni hakumuuliza "ulimfanya nini?"

Najua wapo watakaosema ni pombe. Kweli, tafiti nyingi zinaonyesha mume akilewa mara kwa mara hatari inapanda. Zinaonyesha pia kwamba aliyekua akimwona baba anampiga mama yuko karibu zaidi na kurudia yale yale. Lakini wako wengi waliokulia humo na hawajawahi kumwinulia mtu mkono. Na huyo mlevi wako, mbona hampigi bosi wake? Mbona trafiki akimsimamisha anakuwa mpole? Pombe imo, ila kuna kitu kinamwambia nyumbani ndipo panaporuhusiwa. Hicho kitu ni sisi, kuanzia siti ya nyuma ya basi.

Wengine mtaniambia wanaume nao wanapigwa. Sibishi. Ndiyo maana Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haikutaja mke wala mume. Inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Hakuna "isipokuwa kachepuka". Hakuna "isipokuwa chakula kimeungua". Sheria imetimiza zaidi ya miaka 50 na sisi bado tunatafuta kosa la aliyevimba jicho.

Staa wetu atatoa ngoma mpya, mtamsamehe, maisha yataendelea. Mimi simuwazi yeye. Namuwaza dada aliyejifungia chooni na simu yake, naye yuko kwenye hali ile ile, anasoma mnachoandika chini ya ile klipu. Yeye hana mashabiki wala meneja. Anajaribu kujua akisema ataaminiwa au ataulizwa alifanya nini. Jibu analisoma kwenu.

Kwa hiyo siku rafiki yako akija na alama shingoni, usiulize sababu. Muulize: "Uko salama sasa hivi? Una pa kulala leo?" Akitaka kwenda polisi, nenda naye, kuna dawati la jinsia na watoto, na ana haki ya kupewa PF3 akatibiwe. Asipotaka leo, usimgombeze, mlango uache wazi.

Wewe mdau, ulishawahi kuuliza lile swali? Mimi nilishawahi, na aliyeniletea habari yake hakurudi tena kuniambia kitu. Dondosha lako hapo chini, ila majina weka kapuni.