Gari limejaa chaji, mume amejaa siri

Mimi na wangu tupo, ila nusura mwezi huu safu hii uandikiwe na mwanamke aliyerudi kwao. Usicheke. Kisa chenyewe ni gari.

Tena si gari la mafuta. Ni Nissan Leaf ya mwaka 2012, mtumba wa Japani, linalotembea kwa umeme mtupu. Baba Junior alilileta nyumbani Tabata Ijumaa jioni, kimyakimya, halina hata mlio. Majirani wakatoka kuangalia. Nami nikapiga vigelegele, maana hela ya mchezo wangu, zamu niliyoisubiri miezi kumi, ile tuliyopanga inunue bati za nyumba yetu ya Kibamba, ndiyo hiyo ilikuwa imesimama getini inameremeta.

Usiku uleule tukachomeka waya kwenye soketi ya sebuleni. Hola! Halikupokea kitu. Kesho yake akaja fundi, akafungua boneti, akacheka. Kumbe gari la umeme nalo lina betri ndogo ya volti 12 kama magari yetu ya kawaida, na ile ikifa kwa kukaa yadi muda mrefu, kompyuta ya gari haiamki, na betri kubwa haiwezi kuchajiwa. Tukanunua nyingine. Tulipochomeka tena, vitaa vya bluu juu ya dashibodi vikaanza kumeta. Wote tukashangilia kama tumefunga goli.

Baada ya saa 6 hivi likawa limejaa. Nikawaambia mashosti zangu, jamani gari letu linajaa haraka! Hapo ndipo ungenihurumia. Betri ya gari lile likiwa jipya ni ya uniti 24, na kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, inayotoa kama uniti 2 kwa saa, ilipaswa kuchukua zaidi ya saa 10. Debe linalojaa haraka ni debe dogo, mwenzangu. Mimi sikujua. Kuna mtu alijua, na alikuwa amelala pembeni yangu.

Jumapili tukaondoka kwenda Bagamoyo kumwonyesha mama mkwe. Watoto nyuma, mchele na mafuta kwenye buti, kiyoyozi kinapuliza. Muuzaji alisema gari linakwenda kilomita 200. Tulipopita Bunju namba zikawa zinashuka kama lifti. Tulipofika Kerege kikatokea kijipicha cha kobe kwenye dashibodi, na gari nalo likaanza kutembea kikobe kweli. Tukajivuta hadi kwenye duka moja pembeni ya barabara.

Mwenye duka, Mungu ambariki, alikubali tuchomeke kwake. "Shemeji, nunueni uniti zenu tu za LUKU, msinimalizie zangu." Tukanunua, tukakaa kwenye benchi chini ya mwembe. Nikampigia fundi kumuuliza kulikoni.

"Shemeji, mbona Baba Junior nilishamwambia jana?" akajibu. "Betri imechoka hiyo. Vijiti vimebaki 7."

Nikakata simu. Nikamgeukia mume wangu. Hakuniangalia.

Ngoja nikueleze vijiti ni nini, maana hili litakusaidia siku ukienda yadi. Kwenye dashibodi ya Leaf, upande wa kulia, kuna vijiti vya aina mbili. Virefu vinaonyesha chaji uliyonayo, vinapanda na kushuka. Vile vifupi vya pembeni vinaonyesha afya ya betri, na vikiwa kamili ni 12. Hivyo havirudi kwa kuchaji. Cha kwanza kinapotea betri ikishapoteza kama asilimia 15, vinavyofuata vinapotea kila baada ya asilimia 6 hivi. Vikibaki 7, umebakiwa na kama asilimia 60 tu. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji kama za magari mengine, kwa hiyo joto huila mapema. Na zile kilomita 200 ni kipimo cha Kijapani gari likiwa jipya. Letu, kwa foleni, mzigo na kiyoyozi, liliishia kama kilomita 55.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Niliviona yadi," akasema. "Yule muuzaji akaniambia vitarudi nikichaji vizuri. Nikataka kuamini. Fundi aliponiambia ukweli jana, nikashindwa kukutazama."

Nilisema mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa. Bati zangu! Miezi kumi nabana matumizi! Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema neno moja lililonikalisha chini: "Mama Junior, ile harusi ya Sinza uliposhuka kwenye bajaji ukaniambia wenzako wanaletwa na waume wenye magari, ulitegemea nifanye nini?"

Msomaji wangu, nilisema kweli. Tena mbele ya watu. Mimi nilisahau usiku uleule, yeye alitembea nayo miezi minne. Mwanaume aliyeaibishwa akienda yadi hanunui gari, ananunua heshima, na muuzaji mjanja anamjua tangu anaingia getini. Simtetei. Kunificha kulinichoma kuliko hela yenyewe. Ila siwezi kukuandikia kosa lake nikalificha langu.

Tulikaa pale karibu saa 2. Uniti 4 tu, lakini zilitufikisha kwa mama. Plagi ya ekstensheni ya yule baba ilipata moto mpaka ikanuka. Usirudie kosa letu: soketi ya kuchajia gari iwe na waya wake mnene na ethi, aifunge fundi anayejua.

Leo gari tunalo bado. Tabata hadi Posta na kurudi linatosha kabisa. Hatuliachi siku nyingi juani likiwa limejaa, wala hatuliachi tupu, maana vyote viwili vinaichosha betri. Safari za Bagamoyo tunapanda basi, na mama mkwe hajalalamika. Bati bado. Nimeanza mchezo upya, safari hii tunachangia wote wawili na daftari liko mezani.

Na wewe unayefikiria kununua, usidanganywe na gari lililojaa chaji. Hesabu vijiti vya pembeni. Tena usiviamini peke yake, maana wajanja huweza kuviweka upya vikaonekana 12 kwa muda. Liendeshe mpaka chaji ifike nusu, uhesabu kilomita. Na mwende wawili, wewe na mwenzio, hata kama mmoja hajui kitu. Aibu ya kuulizana maswali yadi ni ndogo kuliko aibu ya Kerege.

Je, kuna kijiti mwenzio amekuficha, au wewe ndiye uliyemficha? Mwambie usiku huu, kabla hajaambiwa na fundi. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.