Dawa ya Nusukaputi Si Kileo



Juu ya chang'aa na bangi tumekwisha kuandika mara nyingi, na twajua wengine husoma huku wakicheka. Leo twaandika juu ya ketamini, dawa ya nusukaputi ambayo vijana wa miji mingi duniani wameigeuza kileo. Hatupendi kungoja mpaka izoeleke Keroka na Nyansiongo ndipo tuseme.

Wagusii twajua thamani ya nusukaputi. Waganga wetu wa zamani, ababari, walifungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa naye yu macho, ameshikwa asijitikise. Ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962, huondoa maumivu na kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Ndiyo maana hospitali ndogo huitegemea. Tangu 2013 wahudumu kadhaa wa hospitali za magharibi ya Kenya wamefundishwa kuitumia mama anapohitaji kupasuliwa upesi na mtaalamu wa usingizi hayupo.

Lakini mwenye kuitumia kwa starehe huona maruweruwe, wala hasikii kama mkono umeungua. Mtu huyo mwamweka kwenye mashine ya kiwanda cha chai, au mwapanda pikipiki yake? Akizoea, kibofu huharibika: hukojoa kila mara kwa uchungu, pengine damu, na wako wasiopona hata wakiacha. Mchezaji sinema wa Marekani, Matthew Perry, aliuawa na dawa hii mwaka 2023, na fedha za matibabu alikuwa nazo.

Tena kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamruhusu mwajiri kumfukuza papo hapo mtu aliyelewa saa za kazi hata asiweze kazi yake. Hapo chama kitamtetea kwa neno gani? Aliyekwisha naswa na aje ofisi ya tawi kabla mwajiri hajajua. Tutamsaidia kutafuta matibabu, na siri yake haitatoka.

Mwaka 2015 China iliomba Umoja wa Mataifa uiweke ketamini chini ya sheria kali za dunia. Shirika la Afya Duniani lilikataa, kwa ajili ya hospitali za mashamba, na ombi halikupita. Wizi na ulevi ukizidi, ombi hilo laweza kurudi, na atakayelipa ni mama wa Borabu.

Kwa hiyo twawaomba wenzetu wa hospitali na wa mifugo: chupa zihesabiwe kila zamu, na daftari litiwe sahihi na watu wawili.