Ulaya: Shahada ya sheria haivuki mipaka kwa urahisi

MWANAFUNZI anayesomea sheria Paris, Munich na Dublin hujifunza si lugha tu, bali fikra tofauti. Ufaransa huegemea mkusanyiko wa sheria za kiraia wa 1804, Ujerumani wake ulioanza kutumika 1900. Ireland, sawa na Kenya, ilirithi mfumo wa Waingereza ambapo maamuzi ya awali ya majaji huzifunga mahakama.

Umoja wa Ulaya una lugha rasmi 24, na matoleo yote ya sheria zake yana uzito sawa. Anayetegemea toleo moja pekee huenda akapotoka.

Hata hivyo, upana huo wa elimu haumfanyi mtu wakili. Ujerumani hudai mitihani miwili ya serikali. Mnamo 2003, katika kesi ya Morgenbesser, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kuwa mawakili wa Italia hawangeweza kumkataa mwanagenzi kwa sababu tu shahada yake ilitoka Ufaransa. Lakini iliruhusu ujuzi wake upimwe.

Ulaya inawahitaji wataalamu hawa, ilhali kila taifa lingali linalinda lango lake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.