Mudhakara Si Kuibiana Ilmu

Vyuo vyetu vikuu vina ugonjwa usioponywa kwa kuongeza majengo. Mwanafunzi huficha daftari lake asilione mwenziwe. Mwalimu husimama mbele ya mamia ya watu, akasoma karatasi zake, akenda zake. Na mzazi akisikia mwanawe yuko na wenziwe wanadurusu, husema: "Huyo anacheza, kusoma ni kukaa peke yako." Kisha twastaajabu kijana akirudi na shahada mkononi, akiulizwa suali la fani yake hutazama chini.

Wenye kuutetea mwendo huu hudai kuwa ndiyo adabu ya ilmu: mwalimu aseme, mwanafunzi anyamaze. Adabu hiyo wameitoa wapi? Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 Hijria, katika darsa yake mjini Kufa alikuwa akiweka mas-ala mbele ya wanafunzi, wakajadiliana naye na wao kwa wao. Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan walimkhalifu katika mengi, na khilafu zao zimehifadhiwa ndani ya vitabu vya madhehebu yake mwenyewe. Nasi watu wa pwani tulio Mashafii tuna hoja nzito zaidi. Imam Shafii amepokewa kuwa alimwambia Ahmad bin Hanbal, aliyesoma kwake, kwamba yeye Ahmad ni mjuzi zaidi wa Hadithi, basi akiipata iliyo sahihi amjulishe apate kuifuata. Huyo ni imamu wa madhehebu! Leo mwalimu mwenye shahada mbili akiulizwa asilolijua hukasirika.

Kwa wale wasiotulia mpaka wasikie la Marekani, la huko nalo lipo. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Harvard, alisomesha miaka kadhaa akisifiwa na wanafunzi wake. Siku moja akawapa masuali mepesi juu ya nguvu na mwendo, yasiyo na hesabu. Mmoja akamuuliza: ajibu kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe? Suali hilo latosha kumkosesha mwalimu usingizi. Wengi waliokuwa mahodari wa hesabu walishindwa. Tangu mwaka 1991 akabadili mwendo: huuliza suali, kila mmoja akajibu peke yake kwanza, kisha akamgeukia jirani mwenye jibu jengine wakahojiana, halafu wakajibu tena. Akaona kwamba aliyefahamu jana hujua ni wapi mwenziwe amekwama, na mwalimu mkongwe amekwisha pasahau. Waama, hii ni mudhakara ya misikitini kwetu imevishwa suti.

Watasema: kipofu hamwongozi kipofu. Kweli, lakini mwalimu hakuondoka, yumo anazunguka baina yao na kusikiliza. Wala sitetei wale ambao mmoja hufanya kazi na watano wakaandika majina yao. Huo ni wizi, na anayefanyiwa kazi ndiye anayeibiwa.

Yuko mzazi anayekhofia mchanganyiko wa wanawake na wanaume. Khofu yake ina haki, lakini dawa yake si kumfungia binti chumbani na kitabu. Wasichana na wawe na kikao chao, mchana, maktabani, mlango wazi. Naye akija likizoni, usimuulize amepata alama ngapi. Muulize amemfahamisha nani mas-ala gani, na nani amemfahamisha yeye.