Rahisi Ghali, na Ghali Je? Maungamo ya Mnunuzi wa Waya

Nianze makala haya kwa maungamo. Mimi ni mwalimu wa mbinu za utafiti. Kila mwaka husimama mbele ya wanafunzi wa uzamili na kuwaeleza kwamba dai lisilopimwa si maarifa, na kwamba adui wa kwanza wa mtafiti ni matamanio yake mwenyewe. Hata hivyo, kwa miaka kumi na mitatu nimeishi sebuleni kwangu na dai ambalo sikuwahi kulipima. Dai hilo lilikuwa waya wa spika.

Niliununua Ulaya nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu. Muuzaji, kijana mtanashati mwenye kauli za upole, alinieleza kwamba shaba ya waya ule haina hata chembe ya oksijeni, kwamba nyuzi zake zimesukwa kwa hesabu za pekee, na kwamba ukishapigiwa muziki kwa saa mia mbili sauti yake "itafunguka". Nilitoa posho yangu ya karibu mwezi mzima. Mwezi huohuo mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha tano, aliombwa asubiri ada. Nilimwambia kwamba posho imechelewa.

Mwezi uliopita spika moja ilianza kukoroma, nikamwita fundi, mzee aliyezoea redio tangu zama za santuri. Alipomaliza kazi aliuinua ule waya, mnene kama mkia wa taa, akauliza: "Mwalimu, na hili joka?"

"Mzee wangu, huo si waya wa kawaida," nilimjibu. "Sauti yake ina upana."

"Basi geuka utazame ukuta, tuone kama masikio yako yanaujua."

Kutoka mkobani alitoa kipande cha waya wa umeme wa nyumba, ule upitao ukutani kwenda kwenye soketi. Kila mara alirusha sarafu ili imwamulie afunge upi. Kijana wangu akaandika daftarini. Nami, mgongo wangu ukiwaelekea, nikataja waya niliodhani nausikia. Tulifanya hivyo mara 20, kwa wimbo uleule na kwa kiwango kilekile cha sauti. Nilipatia mara 9. Ile sarafu, ambayo haina masikio, ingeweza kupata kama mimi au kunizidi. Na zamu ambayo niliisifu kuliko zote, nikisema kwamba sasa namsikia mpiga gitaa akivuta pumzi, ilikuwa zamu ya waya wa soketi.

Mzee hakucheka. Alisema tu: "Masikio yako ni mazima, Mwalimu. Ni macho yanayoyaingilia."

Ndugu msomaji, katika sentensi hiyo mzee alifupisha jambo ambalo wataalamu wamelithibitisha kwa vipimo. Mwaka 1994, Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu 40 spika nne, kwanza zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia, kisha zikiwa wazi. Pazia lilipoondolewa, alama zilibadilika: spika kubwa na za kuvutia zilipanda, na ndogo ya bei nafuu ikashuka. Waliosikiliza hawakuwa wajinga, wala hawakusema uongo. Ubongo hauna chumba cha masikio peke yake. Huchanganya kinachosikika na kinachoonekana, kinachojulikana na kilicholipiwa, kisha hutuletea mchanganyiko huo kwa jina moja: sauti.

Hesabu ya waya, kwa upande wake, haihitaji shahada ya uzamivu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 2.5 za mraba, ukienda mita 5 na kurudi mita 5, una ukinzani wa takriban omu 0.07. Spika ya kawaida huhesabiwa kuwa na omu 8. Maana yake ni kwamba waya huo hula chini ya asilimia 1 ya nguvu inayotoka kwenye amplifaya, kiasi ambacho sikio haliwezi kukitambua. Waya ukiwa mwembamba mno au mrefu mno, tofauti huanza kuonekana, na tiba yake ni waya mnene zaidi wa dukani kwa fundi umeme. Huo ndio mwisho wa elimu ya waya wa spika. Yaliyobaki ni fasihi.

Lakini tusidhani kwamba tatizo ni waya peke yake. Kwa miongo kadhaa wapenzi wengi wa santuri wameamini kwamba muziki ukishageuzwa kuwa tarakimu za dijitali hupoteza roho, na kwamba sikio lililofunzwa hulitambua jambo hilo papo hapo. Kampuni moja ya Marekani, Mobile Fidelity, ilijijengea heshima kwa santuri za bei ya juu ambazo wanunuzi waliamini kuwa zimechongwa kutoka kanda za awali bila dijitali kugusa popote. Mwaka 2022 ikabainika kwamba nyingi kati ya santuri hizo, kwa muda wa takriban muongo mmoja, zilipitia hatua ya dijitali. Wanunuzi walikwenda mahakamani, na kampuni ikaingia katika mapatano ya fidia ya takriban dola milioni 25.

Wengi walijadili udanganyifu wa kampuni, na walikuwa na haki. Mimi najiuliza jambo jingine. Katika miaka yote hiyo, yale masikio yaliyofunzwa yalikuwa wapi? Wahakiki waliziorodhesha santuri hizo miongoni mwa zilizo bora kwa sauti. Siri ilifichuka kwa sababu watu walihoji na watengenezaji wakakiri, si kwa sababu kuna sikio lililoshtuka. Ikiwa roho ya muziki ilitoroka, ilitoroka bila kuaga.

Je, basi hakuna tofauti yoyote kati ya vyombo vya muziki? Zipo, na ni kubwa. Ila haziko mahali ambapo tangazo linatuelekeza kuzitafuta.

Ya kwanza ni chumba chenyewe. Sebule zetu nyingi zina kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae na madirisha mapana ya vioo. Sauti hugonga kila upande na kurudi, maneno ya mwimbaji yakavaana. Besi nayo ina kesi yake: wimbi la mitetemo 43 kwa sekunde lina urefu wa mita 8 hivi, na katika chumba cha mita 4 hujikusanya pembeni likanguruma, huku aliyekaa katikati akilikosa. Zulia zito, mapazia mazito, kabati lililojaa vitabu, na kuzisogeza spika mbali na kona hufanya kazi ambayo hakuna waya uwezao kuifanya. Kusogeza kochi ni bure.

Ya pili ni spika. Hapa ndipo umeme hugeuka kuwa mtetemo wa hewa, na hapa ndipo vyombo hutofautiana hasa. Mwenye fedha kidogo na aziweke hapa, baada ya kusikiliza kwanza, tena nyimbo anazozijua.

Ya tatu ni amplifaya yenye nguvu ya kutosha kwa spika hizo na kwa ukubwa wa chumba. Ikishatosha na kutengenezwa vyema, kuongeza bei hakuongezi mengi. Na kwa sisi ambao umeme wetu hupanda na kushuka, stabilaiza ya kuaminika ni mlinzi wa vyombo. Haipambi sauti, wala haidai kuipamba.

Kuhusu muziki wa dijitali, itoshe kusema kwamba diski iliyoingia sokoni mwaka 1982 huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, na hivyo inaweza kubeba mitetemo hadi zaidi ya 20,000 kwa sekunde, ambayo ndiyo mipaka ya sikio changa lenye afya. Mtu wa makamo kama mimi, aliyekwisha kuipoteza mitetemo ya juu, akilipia mafaili yanayodai kuvuka mipaka hiyo, anawanunulia popo muziki.

Sina ugomvi na anayenunua chombo kwa uzuri wake. Saa ya dhahabu haionyeshi wakati sahihi kuliko saa ya plastiki, na bado watu huivaa kwa furaha. Ugomvi wangu ni pale pambo linapouzwa kwa jina la sayansi. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Lakini sheria hailindi mtu anayeona aibu kuuliza, na aibu hiyo ndiyo mtaji mkubwa wa wauzaji wa namna hii. Huambiwa: "Kama husikii tofauti, basi masikio yako bado." Msomi husikia maneno hayo kama mtihani, na kwa kuogopa kufeli, hukubali kwamba amesikia.

Wahenga walituonya kwamba rahisi ni ghali, nasi tukaligeuza onyo hilo kuwa kanuni kwamba kilicho ghali lazima kiwe bora. Kwa kanuni hiyo tunachagua shule za watoto, tunapima wataalamu, na kamati zetu za manunuzi hutetea bei zisizoteteka. Palepale wahenga walituachia pia neno jingine: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hili halituambii tuamini bei wala tuidharau. Linatutaka tukipime kitu chenyewe.

Kipimo nilichofanyiwa kilihitaji sarafu, daftari na ukuta wa kutazama. Muuzaji yeyote anaweza kuombwa akifanye, na anayekikataa amekwisha kutupa jibu.

Jioni ile nilimpigia simu mdogo wangu, ambaye sasa naye ana watoto wanaosoma. Nilimweleza kwamba mwaka ule posho haikuchelewa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Kaka, huo waya bado unao?" Nikamwambia ninao. Akasema niutunze, siku moja tuufanye kamba ya kuanikia nguo, ili angalau ada yangu ibebe kitu.