Gari la Umeme na Aprili ya Buha

Imekuwa kawaida siku hizi, katika mikutano ya maendeleo na katika vipindi vya redio, kuelezwa kwamba mikoa ya pembezoni kama Kigoma ndiyo itakayonufaika zaidi na magari ya umeme, kwa sababu bei kikomo ya petroli inayotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huwa juu huko kuliko Dar es Salaam, na kwamba mkazi wa Kasulu au Kibondo akiachana na petroli atakuwa ameutua mzigo huo. Kauli hiyo inaudhi, kwa kuwa inaanza na shida ya kweli na kuishia kwenye dawa iliyochanganywa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Chombo cha usafiri hakipimwi kwa siku yake njema, bali hupimwa kwa siku yake mbaya kuliko zote, na katika nyanda za juu za Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, siku hiyo haiji mara moja kwa mwaka. Huja tena na tena tangu mvua za Oktoba hadi zile za Mei.

Wanaolisifu gari la umeme hutaja kwanza masafa, yaani umbali ambao gari huweza kwenda kwa chaji moja. Ni vyema ieleweke namba hiyo hupatikanaje. Kipimo kinachotumika Ulaya, kiitwacho WLTP, hufanyika ndani ya maabara, gari likiwa limefungwa mahali pamoja huku magurudumu yake yakizungusha mapipa ya chuma, na joto la chumba likiwa nyuzi 23. Humo hamna tope, hamna korongo lililochimbwa na maji ya mvua, wala magunia matatu ya maharage kwenye buti. Hata vipimo vyenyewe havikubaliani: Nissan Leaf ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24, ilipewa masafa ya kilomita 200 nchini Japani, lakini mamlaka za Marekani zikalipa gari hilohilo kilomita 117.

Leaf hiyo imetajwa kwa makusudi, kwa kuwa gari la umeme litakalomfikia mtu wa kawaida wa Kasulu halitakuwa jipya. Litatoka Japani likiwa limekwisha kutumika, kama zinavyotoka Probox, Noah na IST. Sasa, injini iliyochoka hufunguliwa na fundi chini ya mwembe, ikabadilishwa ringi na kurudi barabarani, ilhali betri iliyochoka haina ringi za kubadilisha. Betri ya Leaf hupozwa kwa hewa tu, na mwaka 2012 wenye magari hayo katika joto la Arizona walilalamika kwamba uwezo wake ulikuwa ukishuka upesi. Dashibodi yake huonyesha afya ya betri kwa pau 12. Zikibaki 8, theluthi moja hivi ya uwezo imekwisha kupotea, na zile kilomita 117 zimebaki kama 78. Kutoka Kasulu mpaka Kibondo ni zaidi ya kilomita 100. Gari hilo lisingefika hata kwenye lami kavu, mchana, bila abiria.

Na bado mlima haujahesabiwa. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kasulu iko juu ya mita 1,200. Gari lenye uzito wa tani mbili pamoja na watu na mizigo hutumia zaidi ya kilowati-saa 2 kwa kunyanyuliwa tu kutoka kimo cha ziwa hadi cha Kasulu, yaani karibu moja ya kumi ya betri ikiwa mpya, kabla ya kuhesabu mwendo wenyewe. Huambiwa kwamba mota hurudisha sehemu ya umeme wakati wa kuteremka. Ni kweli, lakini anayepanda na mzigo hawezi kuutumia leo umeme atakaoupata kesho akiteremka.

Kisha kuna tope. Barabara za udongo mwekundu zinazopanda kuelekea Heru Juu, katika nchi iliyokuwa ya Mwami, yaani mtawala, wa Heru, zikishalowa na kukanyagwa na Fuso zilizojaa mihogo, hugeuka utelezi ambao mtu mwenyewe huvua viatu ili aupite. Gari likizama, vijana hukata matawi na kuyatandika mbele ya matairi, hupanga mawe, husukuma kwa mabega huku dereva akiongeza moto na magurudumu yakizunguka palepale, na shughuli hiyo huweza kuchukua saa nzima. Gari la petroli nalo hula mafuta mengi katika saa hiyo. Tofauti iko katika kinachofuata, na hapo ndipo hoja nzima inaposimama: mafuta huletwa pale gari lilipokwama, umeme hauletwi.

Lita moja ya petroli hubeba kilowati-saa 9 hivi za nishati, na hata injini ikipoteza robo tatu yake kwa joto na moshi, dumu la lita tano lililofungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda hulipa gari kilowati-saa 11, karibu nusu ya betri mpya ya Leaf. Kumimina huchukua dakika mbili, kwa faneli iliyokatwa kutoka chupa ya maji. Kupata kiasi hichohicho kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani huchukua saa tano, mradi nyumba iwe karibu, iwe na umeme, na umeme usikatike. Masharti hayo si madogo. Hadi miaka michache iliyopita Kasulu na Kibondo ziliwashiwa taa na majenereta ya dizeli, na hata gridi ya taifa iliyokuja baadaye si ngome: tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu moja iliizima karibu nchi nzima.

Mtetezi wa magari haya akishindwa hapo hukimbilia Norway, akasema kwamba huko kuna theluji na bado karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme. Hoja hii ni nyepesi mno kuletwa mbele ya watu wazima. Norway ina umeme wa maporomoko ya maji usiokatika ovyo, ina vituo vya kuchajia kando ya barabara zake kuu, na ina barabara. Baridi ni adui wa betri kweli, kwa sababu hupunguza kasi ya kemikali zilizomo ndani yake, na Januari 2024 madereva wa Chicago walikwama kwenye foleni za vituo vya kuchajia wakati wa baridi kali. Lakini walikwama kwenye kituo. Kati ya Kasulu na Kibondo ni kituo gani cha kukwamia?

Linalokasirisha zaidi ni mazoea ya muda mrefu ya kuipangia Kigoma mambo kwa kutazama kutoka Dar es Salaam. Mkoa uliopata reli mwaka 1914 ulingoja lami ya kuelekea Kasulu na Kibondo kwa miongo mingi, na mradi wa barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, wenye kilomita 260.6, ni wa juzi tu. Watu waliongojeshwa kiasi hicho leo wanahubiriwa gari linalodai lami kwanza, kana kwamba vijiji vilivyo nje ya barabara kuu havipo.

Lakini vipo, na vina zahanati, na zahanati zina wajawazito. Uchungu unapokwama saa nane za usiku wa Aprili, mjamzito anapaswa kufikishwa hospitali ya Kasulu kwa gari lililorudi kutoka safari nyingine saa sita, likiwa na chaji robo, katika kijiji ambacho umeme umekatika tangu jioni mvua ilipoanza.